Mzee wa Bronx bado ameshika kipaza sauti



Yuko mtu mmoja wa New York, Marekani, jina lake Lawrence Parker. Alizaliwa tarehe 20 Agosti 1965, kwa hiyo mwezi Agosti mwaka 2025 alitimiza miaka 60. Kwa jina hilo la nyumbani wengi wenu hamtamtambua. Lakini nikisema KRS-One, basi wale waliokuwa vijana miaka ya tisini, waliokuwa wakinakili kanda moja hadi nyingine mpaka sauti inakuwa kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi, watatikisa vichwa. Mtu huyu anaghani muziki wa kufokafoka, yaani rap, tangu katikati ya miaka ya themanini. Na mpaka umri huu kazi yake ni ile ile: kuingia katika klabu za usiku na kumbi za muziki, kushika kipaza sauti na kuwasimamisha watu.

Wako wanaocheka. Wanasema muziki huo ni wa watoto, na mtu mwenye umri wa kuitwa babu anatafuta nini klabuni saa saba ya usiku, kofia kichwani, akitambiana na vijana? Mbona hakai nyumbani akahesabu alichovuna? Swali hilo nimelisikia mara nyingi, hata kwa watu wazima wenye busara zao, na ndilo nataka tulitazame leo.

Kwanza tukumbuke muziki huu ulianzia wapi. Haukuanzia studio. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la barabara ya Sedgwick, mtaa wa Bronx, binti mmoja aitwaye Cindy Campbell aliandaa dansi ili apate fedha za nguo za shule. Kaka yake, Clive, kijana mzaliwa wa Jamaika tunayemjua kwa jina la DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga santuri. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Waliokuwepo walicheza, na mwenye kipaza sauti akawachagiza kwa maneno mawili matatu yenye vina. Miaka sita hivi ikapita kabla ya rekodi za namna hiyo kuanza kuuzwa madukani mwaka 1979. Kwa maneno mengine, mghani alikuwa mtu wa ukumbini kabla hajawa mtu wa rekodi. Alipimwa pale pale. Akikosea, anazomewa pale pale.

Sisi watu wa huku hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha habari hiyo. Wazee wetu walicheza beni, Marini upande mmoja na Arinoti upande mwingine, kila kundi likitunga nyimbo za kulisuta lile jingine. Washairi wetu wamejibizana magazetini kwa miongo. Na mwanzoni mwa miaka ya tisini, ni nani Dar es Salaam aliyekuwa hajui ushindani wa TOT na Muungano, Khadija Kopa huku, Nasma Khamis kule, na ukumbi mzima unasubiri leo nani atapashwa? Basi Bronx walikuwa na mpasho wao, tofauti ilikuwa ngoma tu.

Sasa huyu Parker. Aliondoka nyumbani angali kijana mdogo, akaishi mitaani, akalala katika mabweni ya watu wasio na makazi. Huko akapewa jina la utani la Krishna, kwa sababu alipenda kuzungumza na wale wafuasi wa Hare Krishna waliokuwa wakija kugawa chakula. Jina likafupishwa, akalichora ukutani kama walivyofanya vijana wa wakati ule, na baadaye akalipa maana nyingine: kwamba kila herufi inasimamia neno, na maneno yote pamoja yanasema kuwa maarifa hutawala karibu watu wote.

Katika bweni moja la Bronx alikutana na mfanyakazi wa ustawi wa jamii aitwaye Scott Sterling. Huyu alikuwa kijana aliyesoma chuo, mchana anawahudumia watu wasio na pa kulala, usiku anapiga santuri kwa jina la DJ Scott La Rock. Inasemekana walianza kwa kugombana. Lakini Scott aligundua kwamba huyu mkaazi wake mkorofi ana kipaji, wakaunda kundi wakaliita Boogie Down Productions.

Hapa, wasikilizaji, inaingia habari inayotuhusu sisi wa redio. Wakati ule New York ilikuwa na vituo viwili vilivyokuwa vikishindana kupiga muziki huo mwishoni mwa juma. Katika WBLS alikuwepo Mr. Magic, pamoja na mtengenezaji muziki hodari Marley Marl. Katika KISS FM alikuwepo DJ Red Alert. Kama masimulizi yanavyokwenda, Scott na Parker walimpelekea Mr. Magic kazi yao ya mwanzo, naye akaidharau. Mtangazaji anapotupa kanda ya kijana pembeni, yeye husahau kabla chai haijapoa. Kijana hasahau. Ndani ya kundi la Mr. Magic alikuwemo mghani MC Shan, kutoka nyumba za serikali za Queensbridge, aliyekuwa ametoa wimbo wa kusifu mtaa wake uitwao "The Bridge". Wale wa Bronx wakaushika wimbo huo, wakadai Shan anasema muziki huu ulizaliwa Queens. Shan alikana kwamba alisema hivyo. Haikumsaidia. Mwaka 1986 wakatoa "South Bronx", na mwaka uliofuata "The Bridge Is Over", na mchokozaji akawa ndiye anayekimbizwa.

Red Alert ndiye aliyeipeleka "South Bronx" hewani, na ndiye aliyeipiga klabuni. Klabu yenyewe iliitwa Latin Quarter, karibu na Times Square katikati ya jiji. Miaka ya arobaini palikuwa mahali pa matajiri, wacheza dansi wenye manyoya kichwani na chakula cha jioni cha mezani. Kufikia katikati ya miaka ya themanini walikuwa wamepashika vijana kutoka kila mtaa, na hapakuwa mahali pa mzaha. Watu walipigana, walinyang'anywa mikufu ya dhahabu shingoni. Lakini pia palikuwa mahakama. Wimbo mpya ukipigwa Latin Quarter na ukumbi ukasimama, basi wimbo umepita, hata kama redio haijausikia. Ukumbi ukienda kununua vinywaji, mwenye wimbo arudi nyumbani akafikiri upya. Huko ndiko KRS-One alikopata jina. Wala si kwa uzuri wa sura au mavazi, maana hakuwa navyo, bali kwa sauti nene, matamshi yasiyomeza neno, na lahaja ya Kijamaika aliyoichanganya na ya Bronx kabla jambo hilo halijawa mtindo.

Albamu yao ya kwanza, Criminal Minded, ilitoka mwaka 1987. Jaladani wamepigwa picha na bunduki. Mwezi Agosti mwaka huo huo, Scott La Rock alikwenda kusuluhisha ugomvi uliomhusu kijana mmoja wa kundi lao, D-Nice, huko huko Bronx. Walipokuwa ndani ya gari wakapigwa risasi. Scott akafa akiwa na miaka 25. Mtu aliyekwenda kupatanisha.

Wengi waliamini kundi limekwisha. Parker hakuwa na mwenzake, hakuwa na yule aliyemtoa bwenini, na alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Mwaka 1988 akatoa By All Means Necessary, na jaladani akapigwa picha amesimama dirishani na silaha, akiiga picha maarufu ya Malcolm X. Silaha ile ile, lakini maneno yamegeuka. Sasa anazungumzia elimu, historia ya watu weusi, biashara ya dawa za kulevya na wanaofaidika nayo. Watu wakaanza kumwita Mwalimu, naye hakukataa. Mwaka 1989, baada ya kijana mmoja kuuawa katika onyesho la muziki huko Long Island, yeye na waghani wenzake, miongoni mwao Public Enemy, MC Lyte, Heavy D na Kool Moe Dee, walitoa wimbo wa kupinga mauaji, "Self Destruction", na mapato wakayapeleka kwa shirika la National Urban League.

Mwaka 1991 ilitoka santuri ambayo mimi naiona ndiyo ufunguo wa kumwelewa mtu huyu, ingawa wauzaji hawaitaji sana. Inaitwa Live Hardcore Worldwide. Ilirekodiwa jukwaani, New York, London na Paris. Wakati ule waghani karibu wote waliogopa kufanya hivyo, na walikuwa na sababu. Studioni mtu anaweza kusema mstari mmoja, akapumzika, akanywa maji, akasema wa pili. Mhandisi anaunganisha, na msikilizaji anadhani jamaa ana mapafu ya nyangumi. Jukwaani pumzi ni zako mwenyewe. Katika santuri hiyo unamsikia KRS-One akivuta hewa, akiwaachia watu wamalizie mstari ili apate nafasi ya kumeza mate, akibadilisha neno kwa sababu ameona jambo pale mbele. Mdundo unakatika, yeye anaendelea peke yake, kisha unarudi na kumkuta pale pale unapopaswa kumkuta. Mdundo ule ungerudi nusu ya sekunde kabla, au baada, onyesho lingekuwa limeharibika mbele ya watu wote. Hiyo ni kazi ya ufundi, kama ya fundi seremala, na hujifunzwa kwa miaka.

Lakini nisimpake mafuta mtu kwa mgongo wa chupa. Januari 1992, katika klabu ya Sound Factory huko New York, kundi la P.M. Dawn lilikuwa likitumbuiza. Hawa walikuwa na muziki laini, na wimbo wao "Set Adrift on Memory Bliss" ulikuwa umeshika namba moja Marekani miezi michache kabla. Kiongozi wao, Prince Be, alikuwa amehoji katika jarida moja huyo anayejiita mwalimu ni mwalimu wa nini. KRS-One akapanda jukwaani na watu wake, wakamsukuma Prince Be akaanguka chini, kipaza sauti kikachukuliwa, na Mwalimu akaendelea kutumbuiza nyimbo zake mwenyewe mbele ya ukumbi wa watu wengine. Huyu ndiye aliyekuwa ameimba juu ya kukomesha vurugu, miaka mitatu tu nyuma. Waswahili husema kinyozi hajinyoi.

Wako mashabiki ambao hata leo husimulia kisa hicho kwa kicheko, eti mlaini aliingilia mambo ya wababe. Mimi sicheki. Nguvu ya ukumbi wa mashindano ni kwamba maneno yanajibiwa kwa maneno. Aliyeulizwa swali alikuwa na ulimi kuliko karibu kila mtu wa zama zake, na siku hiyo akatumia mikono. Baadaye alieleza kujutia jambo hilo. Prince Be alifariki mwaka 2016, baada ya kusumbuliwa na kisukari kwa miaka mingi, na wengi waliomwandikia buriani walilazimika kukitaja kisa cha usiku ule. Hilo nalo ni deni.

Baada ya hapo KRS-One aliendelea kwa jina lake peke yake. Return of the Boom Bap ilitoka mwaka 1993, ndani yake mna ule wimbo juu ya polisi ambao hata asiyejua Kiingereza huitikia mlio wake. Zikafuata albamu za 1995 na 1997. Akaanzisha chama chake cha kuhifadhi utamaduni huu, Temple of Hip Hop, na mwaka 2009 akachapisha kitabu kinene cha kurasa zaidi ya 800 alichokiita injili ya hip hop. Kuhusu kitabu hicho nitasema tu kwamba mzee huyu anapokuwa na kipaza sauti mkononi huwa anajua wakati wa kunyamaza kuliko anapokuwa na kalamu.

Ule ugomvi na Queens uliishaje? Mwaka 1996 hivi, yeye na MC Shan walionekana pamoja katika tangazo la soda ya Sprite, wamesimama ndani ya ulingo wa ngumi wakitupiana mistari, wote wawili wamelipwa. Na mwaka 2007 akatoa albamu nzima pamoja na Marley Marl, yule yule wa kambi ya Mr. Magic. Miaka ishirini ilikuwa imepita.

Turudi kwenye swali la wale wanaocheka. Kwa nini mzee hakai nyumbani?

Jibu moja ni la mfukoni. Kwa sheria za Marekani, kituo cha kawaida cha redio kikipiga rekodi humlipa mtunzi wa wimbo. Aliyeuimba na mwenye rekodi hawapati hata senti kwa kupigwa huko. Mghani anayetunga mistari yake ana fungu la mtunzi, ni kweli, ila fungu hilo hugawanywa na waliotengeneza muziki, na siku hizi pia na wenye nyimbo za zamani ambazo vipande vyake vilichukuliwa. Ongeza mikataba iliyosainiwa na vijana wa miaka 20 bila wakili. Wale wenye Criminal Minded wenyewe walitofautiana na kampuni yao kuhusu malipo, wakaondoka. Kwa hiyo msanii mkongwe aliyesikika redioni maelfu ya mara anaweza kuwa hajapata kodi ya nyumba kutokana na huko kusikika. Kiingilio cha mlangoni, hicho anakiona. Anajua ukumbi una watu wangapi, anajua tiketi bei gani, na anaondoka na chake usiku huo huo. Anayemwambia mzee aache jukwaa amwambie pia atakula wapi. Na sisi tunaopiga nyimbo za wakongwe wetu kila Jumapili, tukiwasifu kwa sauti tamu, tusijifanye swali hili ni la Wamarekani peke yao.

Jibu la pili ni la ufundi, na kwangu ndilo kubwa. Sifa ya KRS-One jukwaani ni kughani papo kwa papo. Anatazama ukumbi, anaona shati la mtu, bango la ukutani, mlinzi aliyechoka, anaviingiza katika vina bila kutoka nje ya mdundo. DJ akibadilisha santuri, naye anabadilisha mwendo. Sasa linganisha na tabia iliyoenea kwa wengi wa vijana, kwao na kwetu, ya kupanda jukwaani huku rekodi yenye sauti yao inapigwa, nao wanachezesha midomo, mara moja moja wakipiga kelele "mikono juu!" Huku kwetu tunaiita pleibeki, na watu wameizoea kiasi kwamba msanii akiimba kweli wanauliza kwa nini sauti haifanani na ya redioni. Mtu amelipa kiingilio, amelipa teksi, amekesha, kumbe ameletewa kanda. Kijana wa miaka 22 mwenye mapafu mazima anapumzishwa na mashine, na mzee aliyetimiza miaka 60 anafanya kazi kwa pumzi zake.

Simaanishi kwamba umri hauna gharama. Mwili hauruki tena kama ulivyoruka Latin Quarter. Sauti inakuwa nzito, kasi inapungua. Mghani mwenye akili huhamisha uzito: anaruka kidogo, anatamka zaidi. Anaweka nafasi kati ya mistari mahali ambapo zamani aliweka maneno. Anawaachia wasikilizaji viitikio wanavyovijua, na katika pumziko hilo anapanga kinachofuata. Asiyejua ataona mzee anawachangamsha watu, kumbe anavuta pumzi.

Nimalizie na yule kijana D-Nice, ambaye Scott La Rock alikwenda kumsuluhishia ugomvi mwaka 1987. Alikua, akawa DJ wa kuheshimika. Machi 2020, klabu zote zilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, alikaa nyumbani kwake akapiga muziki kupitia mtandao wa Instagram kwa saa nyingi mfululizo, na usiku mmoja waliokuwa wakimfuatilia kwa wakati mmoja walipita laki moja. Hapana klabu duniani inayoingiza umati huo. DJ aliweza, maana santuri haihitaji kujibiwa. Bosi wake wa zamani, yule KRS-One, kazi yake haiendi hivyo. Yeye anahitaji mtu wa safu ya mbele anayeujua ubeti unaofuata, na nyuma ya huyo awepo mwingine aliyekunja mikono kifuani, hatabasamu, anasubiri kuona kama mzee atateleza.